Kinu cha sponji cha kusafisha maji taka: tathmini ya miezi 18 katika kiwanda kidogo cha maziwa, Nakuru

Tathmini hii inahusu mtambo wa kusafisha maji taka uliofungwa katika kiwanda cha maziwa cha ushirika wetu, upande wa Njoro, Kaunti ya Nakuru, ambako nimesimamia ubora na usafi kwa miaka tisa. Wataalamu hueleza aina hii kuwa kinu cha mafungu kisichotumia hewa, ambamo bakteria hawaelei majini bali wameota juu ya vipande vya sponji. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa viwanda vya maziwa, vichinjio na usindikaji wa matunda, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia, ambao najua wanaletewa vipeperushi kama tulivyoletewa sisi. Kampuni iliyotuuzia sitaitaja, kwa sababu nia yangu ni kumwandaa mnunuzi. Nikiulizwa leo kama ningeununua tena, jibu langu ni ndiyo, lakini mkataba ningeuandika upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Nianze na ukubwa wa shida yenyewe, maana wengi huyaona maji ya kuoshea mitungi ya maziwa kuwa maji meupe tu yasiyo na madhara. Maziwa ni chakula, na bakteria wa mtoni wanapokila chakula hicho huimaliza oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Lita moja ya maziwa yasiyotolewa malai huhitaji gramu 100 hivi za oksijeni ili ioze, ilhali Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ziliruhusu maji yanayomwagwa katika mazingira yadai miligramu 30 tu za oksijeni kwa lita, kwa kipimo kiitwacho BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huitumia kuozesha uchafu. Kwa hesabu hiyo, lita moja iliyomwagika sakafuni ingehitaji zaidi ya lita 3,000 za maji safi ili ifichike. Sisi tunapokea lita 3,000 hivi za maziwa kwa siku, na maji taka yetu hufika lita 6,000. Mto Njoro huingia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia humo hubaki humo, katika maji yale yale ambamo ndege aina ya heroe huchuja chakula chao. Kwa miaka mingi tulitegemea shimo lililokuwa likijaa na kufurika kila msimu wa mvua, na siku za masika nilikuwa naona aibu kupita kwa majirani walio chini yetu.

Mtambo una matangi mawili ya plastiki ngumu, kila moja la mita 10 za ujazo, yaliyofunikwa yasipitishe hewa. Ndani ya kila tangi mna vikapu vya wavu vilivyojaa sponji ya poliyurethani, sawa na ile ya magodoro, iliyokatwa umbo la dadu la sentimita tatu kila upande. Maji huingizwa kwa fungu la lita 3,000, pampu ndogo huyazungusha polepole yapite katika sponji kwa saa 20 hivi, kisha vali hufunguliwa fungu likatoka, huku sehemu ya maji ikiachwa makusudi ili sponji isikauke. Wazo la kutibu maji taka kwa mafungu bila hewa lilikuzwa na Richard Dague na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, katika miaka ya 1990. Katika vinu vyao bakteria walielea, hivyo kila fungu lilihitaji muda wa kutulia ili tope lishuke kabla ya maji kutolewa. Watafiti wa Jimbo la São Paulo, Brazili, waliwapa bakteria makao ya sponji, na kuanzia mwaka 2000 machapisho yao yakaonyesha kuwa hatua hiyo ya kutulia inaweza kuachwa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo karatasini, lakini katika kiwanda chenye mhudumu mmoja wa zamu ni kubwa, kwa kuwa hakuna tena wa kukesha akichungulia kama tope limeshuka au bado.

Utaratibu wa mafungu unatufaa kuliko mtambo wa maji yanayopita mfululizo, kwa sababu kiwanda kidogo hakimwagi maji sawasawa. Asubuhi ni mitungi, adhuhuri ni kuosha pasteuraiza, mashine ya kupashia maziwa moto ili kuua vijidudu, kwa kostiki, dawa kali ya kuoshea, alasiri ni mabaki ya mala na mtindi, na Jumapili hakuna kitu. Katika kinu cha mafungu, fungu lisiloiva halitoki. Mhudumu huchovya karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka maji yakichacha, hunusa, huandika daftarini, na asiporidhika huliacha mpaka kesho, kwa kuwa tangi la pili lipo. Uwezo huo wa kusema “bado” ndio ulionifanya niutetee mtambo huu mbele ya kamati, na miezi 18 baadaye sijabadili mawazo juu ya jambo hilo.

Mwezi wa sita nilifungua kikapu kimoja nikatoa kipande cha sponji. Sponji mpya ni ya manjano hafifu, nyepesi, na ukiibinya hurudi umbo lake. Hii ilikuwa nyeusi kama sufuria ya jiko la kuni, nzito, imeshiba ute unaoteleza kama wa bamia, na nilipoikata kwa wembe niliona weusi umeingia karibu mpaka kiini. Weusi huo ni wa salfidi ya chuma, na ni dalili ya kawaida mahali pasipo na oksijeni. Nilikitia kipande hicho katika gilasi ya maji taka nikakiangalia dirishani. Dakika chache baadaye vipovu vidogo kama vichwa vya sindano vilianza kupanda kimoja kimoja. Ndani ya ute ule, bakteria wa kwanza huvunja mafuta, protini na sukari ya maziwa kuwa asidi. Wengine huigeuza asidi hiyo kuwa siki na hidrojeni. Na kundi la mwisho, viumbe wa kale waitwao arkea, huitumia siki na hidrojeni kutoa methani. Kundi hilo la mwisho huzaana polepole mno, kwa siku nyingi, na lisiposhikiliwa mahali hutolewa pamoja na maji kabla halijaongezeka. Sponji huwashikilia. Hapo ndipo thamani ya mtambo huu ilipo, na mnunuzi akilielewa jambo hilo ataelewa pia kwa nini tangi jipya linalong'aa, likiwa na sponji ya manjano, bado si mtambo.

Muuzaji wetu hakutueleza hivyo. Mafundi wake walimimina mapipa mawili ya samadi mbichi ya ng'ombe, wakajaza maji taka yetu makali bila kuyapunguza nguvu, wakakaa wiki mbili, wakatukabidhi funguo na cheti, wakaondoka. Wiki ya tatu pH ilishuka hadi 5, na uvundo wa siagi iliyochacha ulifika hadi kituo cha matatu. Sababu naijua sasa: bakteria wa asidi huzaana haraka, na sukari ya maziwa huchachuka kwa wepesi ambao kila anayegandisha mala nyumbani anaujua, lakini arkea wa kuila asidi hiyo walikuwa wachache na hawavumilii pH iliyoshuka sana chini ya 6.5. Tulipopiga simu tuliambiwa tusubiri, na kusubiri kulizidisha uchachu.

Aliyetuokoa ni mfugaji mmoja mzee, mwanachama wetu, ambaye ana mtambo wa bayogesi nyuma ya zizi lake kwa miaka mingi. Alitupatia lita 400 za tope la mtambo huo, ambalo limejaa arkea waliokwisha kuzoea kazi. Nilitaka kulimimina na kurudisha maji taka yote siku hiyo hiyo, naye akanizuia mkono. “Binti yangu, ndama huzoeshwa majani polepole. Ukimjaza siku moja, utamzika.” Tulianza na sehemu moja ya maji taka kwa sehemu tisa za maji ya kisima, tukaongeza kila wiki kadiri pH ilivyoshikilia. Kwa kurekebisha pH tulitumia magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe ila kwa gunia, tukiyapima kwa uangalifu kwa sababu sodiamu ikizidi nayo huwadhuru bakteria. Ilichukua wiki 11 mpaka kinu kikubali maji yetu bila kuchanganywa. Kwa mtambo usiotumia hewa, miezi miwili au mitatu ya kuanzisha ni jambo la kawaida, na kwa hiyo lawama yangu si kwamba ilichukua muda. Lawama yangu ni kwamba muuzaji aliyejua hivyo aliuza wiki mbili.

Ajali ya pili ilikuwa kosa letu wenyewe. Mfanyakazi wa zamu ya Jumamosi alimwaga beseni zima la dawa ya klorini katika mfereji unaoelekea kwenye kinu, na gesi ikakoma usiku ule. Nilitarajia kurudi mwanzo kabisa, lakini baada ya siku 12 za kulisha kidogo kidogo kinu kilirudi hali yake, kwa maana dawa iliua ute wa nje na ule wa ndani ya sponji ukasalimika. Hakuna jambo lililonipa imani na teknolojia hii kuliko siku hizo 12. Tangu hapo tumejenga tangi la kusawazisha, ambamo kostiki ya asubuhi na asidi ya kuondolea magamba ya maziwa huchanganyika na kupoozana kabla ya kuingia kinuni. Katika makadirio ya bei, muuzaji alikuwa ameliorodhesha tangi hilo kama kitu cha hiari. Kwa kiwanda cha maziwa si hiari hata kidogo, na anayelifuta ili bei ionekane ndogo anamdhuru mteja wake.

Kuhusu baridi nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa vipeperushi huzungumza kana kwamba Kenya yote ina hali moja ya hewa. Viumbe hawa hufanya kazi vizuri zaidi karibu na nyuzi 35 za selsiasi, na kasi yao hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Kisumu, kwenye kimo cha mita 1,130 hivi, maji ya tangi hubaki na joto la kutosha mwaka mzima bila msaada. Nimeona kinu cha aina hii kule kikifanya kazi wazi kabisa juani. Nakuru tuko mita 1,850 hivi, na usiku wa Julai ni wa makoti. Julai yetu ya kwanza, fungu la saa 20 lilitaka saa 36, na matangi mawili hayakutosha. Tuliyajengea ukuta wa matofali, tukajaza maranda ya mbao katika nafasi iliyobaki, na tukapanga maji ya moto ya kuoshea pasteuraiza yaingie ya mwisho jioni. Julai ya pili ilipita kwa saa 26. Wenzetu wa Eldoret na Molo, ambako baridi ni kali zaidi, wadai hesabu ya joto iandikwe ndani ya mkataba, pamoja na ukubwa wa matangi utakaofaa mwezi wa baridi kuliko yote, badala ya wastani wa mwaka.

Mafuta ya maziwa yawekewe kinasa kabla ya kinu. Bila kinasa, malai huifunika sponji kama nta na maji hayapiti. Tulilazimika kuosha vikapu vinne kwa mikono, kazi ambayo sitaki mtu aifanye tena.

Gesi ni faida ya kweli, ingawa isitiwe chumvi. Kila kilo ya uchafu, kwa kipimo kinachoitwa COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuteketeza uchafu kwa kemikali, ikiondolewa hutoa mita 0.35 za ujazo za methani. Maji yetu huingia na gramu 3 hivi kwa lita, yaani kilo 18 kwa siku, na miezi mizuri kinu huondoa kilo 15. Hesabu hutoa mita 5 na ushei za methani, zenye nguvu karibu sawa na kilo 4 za gesi ya mtungi. Kwa vitendo tunapata pungufu, kwa kuwa sehemu ya methani huondoka ikiwa imeyeyuka katika maji, hasa yakiwa baridi. Inatosha kuchemsha maji ya kuoshea mitungi na chai ya wafanyakazi. Haiendeshi boila, na muuzaji aliyesema itaendesha boila hakupiga hesabu hii ya mistari mitatu. Gesi hutoka na salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya mayai viza, inayokula shaba na chuma na inayoweza kuua mtu katika chumba kilichofungwa, tena ikizidi pua huacha kuisikia. Tunaipitisha katika bomba lililojaa vumbi la chuma lililoshika kutu, tunalolipata kwa mafundi wa jua kali, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuingiza kichwa tangini kwa sababu yoyote ile.

Sasa nije kwenye dai lililoniudhi kuliko yote. Kipeperushi kilisema maji yanayotoka ni “safi ya kumwagwa mtoni.” Si kweli, na hayawezi kuwa hivyo kwa mtambo wa aina hii ukiwa peke yake, hata ukiendeshwa vizuri namna gani. Maji yetu hutoka na COD ya miligramu 450 kwa lita, ambayo ni kazi nzuri sana kutoka 3,000, lakini kanuni za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha COD 50 kwa maji yanayokwenda katika mazingira. Tena, kusafisha bila hewa hakuondoi naitrojeni wala fosforasi: protini ya maziwa hugeuka amonia na kutoka hivyo hivyo, na hivyo viwili ndivyo mbolea ya magugu maji ambayo kila mvuvi wa Ghuba ya Winam, katika Ziwa Viktoria, anayalaani. Anayeuza kinu hiki kwa kiwanda kilicho kando ya mto bila kusema habari ya hatua ya pili anampeleka mteja wake mahakamani na uchafu wake ziwani. Kwa upande mwingine, kwa kiwanda kilicho ndani ya mji wa Nakuru au Kisumu na kilichounganishwa na bomba la majitaka la mji, kiwango kilichowekwa na kanuni hizo ni COD 1,000 na BOD 500, na hapo kinu kinatosha na kusaza, mradi mafuta na chembe zinazoelea navyo vidhibitiwe. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe maji yake yanakwenda wapi, na bei ya kinu ije baadaye.

Sisi hatuna bomba la mji, kwa hiyo tumejenga kitanda cha kokoto kilichopandwa mafunjo na matete, ambamo maji hupita polepole chini ya kokoto, na mizizi pamoja na hewa hufanya kazi ambayo kinu hakiiwezi. Kipimo cha mwisho cha COD baada ya kitanda kilikuwa 90. Bado hatujafika 50, na kwa sababu hiyo hatumwagi mtoni. Maji yanakwenda katika shamba la nepia lililozungushiwa tuta.

Kuhusu uendeshaji wa kila siku sina malalamiko makubwa. Stima inayotumika ni ya pampu mbili ndogo tu, kwa kuwa hakuna mashine ya kupuliza hewa, na umeme ukipotea usiku kucha bakteria hawadhuriki, jambo ambalo mitambo ya hewa haiwezi kujivunia. Tope linalozidi ni dogo. Tumeondoa mara moja tu katika miezi 18. Shida ni vipuri: mpira wa kuziba maji wa pampu ya kuzungushia ulipopasuka tulingoja wiki saba uletwe kutoka ng'ambo, mpaka fundi mmoja wa mjini Nakuru alipotuchongea mwingine kwa siku moja, na huo wa pili ndio ungali unafanya kazi.

Masharti ambayo ningeyadai leo ni haya. Mbegu iwe tope kutoka mtambo wa bayogesi unaofanya kazi, tena la kutosha. Fundi wa muuzaji awepo kila wiki mpaka kinu kipokee maji taka yasiyochanganywa kwa siku 30 mfululizo bila pH kushuka chini ya 6.8, na robo ya bei izuiliwe mpaka siku hiyo ifike. Tangi la kusawazisha, kinasa mafuta na hatua ya pili ya kusafisha viwe ndani ya bei moja, na pampu ziwe za aina inayopatikana madukani humu nchini. Mhudumu wa kiwanda afundishwe na aachiwe daftari la vipimo kwa Kiswahili. La kwetu tuliliandika wenyewe, na yeyote anayelihitaji nitampa nakala. Kitanda cha pili cha mafunjo kinachimbwa wiki hii chini ya cha kwanza, na sampuli yake ya kwanza itapelekwa maabara mvua za vuli zikianza.